Harry Clarke, mcheza kwao asiyetunzwa

Wazee wetu walisema mcheza kwao hutunzwa. Leo nataka kuwasimulia habari za mtu aliyecheza kwao maisha yake yote, akacheza vizuri kuliko wengi wa zama zake, na siku ya kutunzwa ikampita. Aliitwa Harry Clarke, fundi wa madirisha ya vioo vya rangi, mwenyeji wa mji wa Dublin huko Ayalandi. Alizaliwa mwaka 1889 na akafa mwaka 1931, akiwa na miaka 41. Kazi yake bora kuliko zote haiko Ayalandi. Iko Marekani, ndani ya jumba la makumbusho la Miami Beach, na namna ilivyofika huko ndiyo inayonifanya niandike.

Msomaji atauliza, habari za Mzungu wa Dublin zatuhusu nini sisi watu wa Pwani? Nami nitajibu kwanza hilo.

Mimi ni mtoto wa Mombasa, lakini riziki imenileta bara. Nina karakana ndogo ya vioo hapa Kiserian, kaunti ya Kajiado, chini ya vilima vya Ngong. Kazi inayonilisha ni ya kawaida: madirisha ya alumini, vioo vya kabati, meza za hotelini. Kazi ninayoipenda ni vioo vya rangi, na mtu anayeipenda kazi hiyo hapa tulipo hana haja ya kwenda Ulaya kuiona. Ukishuka hadi Rongai kisha ukakata kuelekea Maasai Lodge, utafika ukingo wa bonde la mto Mbagathi, na ng'ambo yake iko Kitengela Glass. Mahali hapo palianzishwa na Nani Croze, msanii mzaliwa wa Ujerumani aliyeweka makao pembezoni mwa Mbuga ya Taifa ya Nairobi mwishoni mwa miaka ya 1970. Yeye na mafundi wake walichukua chupa zilizotupwa na vioo vya madirisha vilivyovunjika, wakavitia motoni, wakatoa madirisha, shanga, glasi na sanamu. Baadhi ya madirisha yao hayatumii risasi kabisa, ni vipande vinene vya kioo vilivyoshikwa na saruji. Wala picha si za watakatifu peke yao. Utaona wanyama, mijusi, na viumbe visivyo na jina.

Na sisi wenyewe je? Tembea Mji wa Kale wa Mombasa, tembea Lamu, tembea Mji Mkongwe wa Unguja, uinue macho juu ya milango na kwenye roshani. Utaviona vioo vyekundu, vya kijani, vya buluu na vya manjano, vimetiwa pale na mafundi ambao majina yao hatukuyaandika. Kule Unguja, ile nyumba ya baharini inayoitwa Zahanati ya Zamani, ambayo tajiri Tharia Topan aliweka jiwe lake la msingi mwaka 1887 na ikamalizika mwaka 1894 baada ya yeye kufa, bado inajulikana kwa roshani zake za mbao na vioo vyake vya rangi. Basi kioo cha rangi kwetu si kitu kigeni. Kilicho kigeni ni sisi kukijali.

Sasa turudi kwa Clarke.

Harry Clarke alizaliwa tarehe 17 Machi, siku ambayo watu wa Ayalandi humkumbuka Mtakatifu Patrick wao. Baba yake, Joshua, alikuwa Mwingereza wa Leeds aliyehamia Dublin na kufungua biashara ya kupamba makanisa, na baadaye akaongeza kitengo cha vioo vya rangi. Mama yake, Brigid, alitoka Sligo, magharibi ya Ayalandi. Kwa hivyo mtoto alikulia kwenye harufu ya risasi na moto wa tanuri, kama vile mtoto wa seremala wa Lamu anavyokulia kwenye vumbi la msaji. Mama alifariki mwaka 1903, Harry akiwa na miaka 14. Pigo hilo lilimwingia. Kimwili alikuwa mwembamba na kifua chake hakikuwa na nguvu, na tokea utotoni alikuwa mtu wa kukaa na kalamu yake.

Aliacha shule mapema akawa mwanagenzi katika karakana ya baba yake. Mchana alifanya kazi, jioni alikwenda Chuo cha Sanaa cha Dublin kusoma kwa mwalimu Alfred Child. Hapo ndipo watu walipoanza kumtazama. Uingereza kulikuwa na mashindano makubwa ya kila mwaka ya wanafunzi wa sanaa wa nchi nzima, na Ayalandi wakati huo ilikuwa bado chini ya mfalme wa Uingereza. Clarke alitwaa medali ya dhahabu ya vioo vya rangi mwaka 1911, akaitwaa tena mwaka 1912, akaitwaa tena mwaka 1913. Kisha akapata msaada wa masomo uliompeleka Ufaransa mwaka 1914, akasimama mbele ya madirisha ya kanisa kuu la Chartres, ambayo mengi yake yana umri wa zaidi ya miaka 700 na rangi zake bado zinawaka.

Hapa nisimame kidogo nieleze kazi yenyewe, kwa sababu bila ya kuijua kazi huwezi kujua ukubwa wa mtu huyu.

Dirisha la kioo cha rangi huanza na mchoro wa karatasi wenye ukubwa uleule wa dirisha. Fundi hukata kila kipande cha kioo kufuata mchoro, kisha huchora nyuso, nguo na vivuli juu ya kioo kwa rangi iliyosagwa pamoja na unga wa kioo, na kukiingiza tanurini mpaka rangi ishikamane na kioo daima. Dawa yenye madini ya fedha hugeuza kioo cheupe kuwa manjano. Mwisho, vipande vyote huunganishwa kwa vyuma vya risasi vyenye umbo la herufi H, viungo vikalehemiwa, na nafasi zikazibwa ili kuzuia mvua. Hivyo ndivyo walivyofanya wazee wa Ulaya, na Clarke hakuiacha hata hatua moja.

Alichozidi ni subira na ujasiri. Kuna aina ya kioo chenye ngozi mbili: mwili wake ni mweupe na juu yake umepita utando mwembamba wa rangi, tuseme mwekundu au wa buluu. Clarke alipaka nta pale alipotaka rangi ibaki, kisha akakitia kioo kwenye tindikali kali ile sehemu iliyo wazi. Akakitoa, akapaka nta tena, akakirudisha. Kila safari rangi ilipungua kidogo, mpaka kipande kimoja kisichozidi kiganja cha mkono kikawa na wekundu wa damu, wekundu wa waridi na nukta nyeupe kama lulu, bila ya kukatwa. Mara nyingine alilaza vioo viwili, kimoja juu ya kingine, cha buluu na chekundu, ili mwanga ukipita uzae rangi ya tatu. Fundi mwenzangu yeyote anajua maana yake: ukikosea dakika moja tu katika ile tindikali, kazi ya wiki imekwenda. Na mvuke wa dawa hizo si kitu cha kuvuta mtu mwenye kifua kibovu. Wako wanaosema kazi yake ilimsaidia kufa mapema.

Jina lake lilipanda kwa kazi ya kanisa dogo la Honan katika mji wa Cork. Kati ya mwaka 1915 na 1917 alitengeneza madirisha 11 ya kanisa hilo. Watu walizoea watakatifu waliokaa kimya, macho juu, mikono kifuani, wote wakifanana kana kwamba wametoka tumbo moja. Clarke akawaletea watakatifu wenye macho makubwa na vidole virefu, wamevaa mavazi ya vito kama waigizaji wa jukwaani. Yuko Gobnait, mtakatifu wa kike wa sehemu hizo aliyefuga nyuki. Clarke alimchora uso wake wa upande, mweupe kama karatasi, joho lake la buluu, na chini yake nyuki wakiwafukuza wezi waliojaa hofu. Wale waliozoea ya zamani walishtuka, lakini hawakuweza kuondoa macho. Kanisa lilipata dirisha la kanisa, na lilipata pia kitu ambacho hakijawahi kuonekana kanisani.

Mkono wake wa pili ulikuwa wino. Alichora picha za vitabu, na kwa picha hizo alijulikana hata na watu ambao hawakuwahi kuingia kanisa la Ayalandi: hadithi za Andersen mwaka 1916, hadithi za kutisha za Edgar Allan Poe mwaka 1919, kisha hadithi za Perrault, kisha kisa cha Faust cha Goethe mwaka 1925. Hata hapo njia haikuwa nyeupe. Mwaka 1916 Dublin iliwaka moto wakati wa maasi dhidi ya Uingereza, na vibao vya uchapaji vya moja ya kazi zake za mwanzo viliteketea humo. Akainama akaanza nyingine. Baada ya vita vya kwanza vya dunia alipewa kazi ya kupamba kurasa za vitabu vinane vyenye majina ya Waayalandi waliokufa vitani, majina zaidi ya 49,000. Aliyazungushia maua na vivuli vya askari, na vitabu hivyo vikatoka mwaka 1923.

Mwaka 1914 alimuoa Margaret Crilley, mchoraji aliyesoma naye chuoni, hodari wa kuchora sura za watu. Walipata watoto watatu. Mweke akilini bibi huyu, maana atarudi mbele.

Baba yake alifariki mwaka 1921, na karakana ikaangukia mikononi mwa Harry na kaka yake Walter. Kuanzia hapo alikuwa msanii usiku na mwenye duka mchana: barua za mapadri, bei za risasi, mishahara, wateja wanaochelewa kulipa. Juu ya hayo yote alitoa kazi ambazo hazikuwa za kanisa hata kidogo. Tajiri mmoja wa familia yenye kiwanda cha biskuti alimwagiza dirisha la nyumbani, Clarke akamtengenezea kisa cha mapenzi kutoka shairi la Keats, kikamalizika mwaka 1924. Leo dirisha hilo liko katika jumba la sanaa la mji wa Dublin. Mkahawa wa Bewley's ulipofunguliwa mtaa wa Grafton mwaka 1927, alitengeneza madirisha yake sita yenye ndege, vipepeo na nguzo za maua. Watu wa Dublin wamekunywa kahawa chini yake kwa karibu miaka 100. Miaka hii ya karibuni mwenye mkahawa na mwenye nyumba wamepelekana mahakamani juu ya suala moja: je, madirisha hayo ni sehemu ya jengo, au ni vyombo vya mpangaji kama meza na viti? Msomaji wa Pwani anayejua kesi za nyumba za urithi hatashangaa. Kitu kikidharauliwa hakina mwenyewe. Kikipata thamani, wenyewe huwa wengi.

Tumefika sasa kwenye kisa kilichonifanya nishike kalamu.

Ayalandi ilipata serikali yake mwaka 1922. Ilikuwa nchi changa, imetoka vitani na Uingereza kisha vitani na wenyewe kwa wenyewe, na ilitaka kujionyesha kwa ulimwengu. Katikati ya miaka hiyo ya 1920 serikali ikaamua kutoa zawadi kwa Shirika la Kazi la Kimataifa mjini Geneva, chini ya ule Ushirika wa Mataifa uliokuwepo kabla ya Umoja wa Mataifa wa leo. Zawadi ingekuwa dirisha la kioo cha rangi, na fundi angekuwa Harry Clarke.

Angeweza kuchora mbuga za kijani, kinubi na Mtakatifu Patrick. Hakuna ambaye angemlaumu. Yeye aliona kwamba kitu ambacho nchi yake iliupa ulimwengu ni maneno, yaani waandishi wake. Akataka ushauri kwa mshairi William Butler Yeats, akachagua waandishi 15, na akachora kisa kimoja cha kila mmoja katika mapande nane ya kioo. Humo aliwatia Yeats mwenyewe, Bernard Shaw, Synge, Lady Gregory, James Joyce, Sean O'Casey, na hata Patrick Pearse aliyepigwa risasi na Waingereza mwaka 1916. Alitumia kila alichojifunza: nta, tindikali, vioo viwili juu ya kimoja. Wakati anaimaliza kazi hiyo mwaka 1930, kifua kikuu kilikuwa kimeshamla. Mwaka 1929 alipelekwa Davos, milima ya Uswisi, mahali walipopelekwa wagonjwa wa kifua wa Ulaya wenye uwezo. Alirudi Dublin akamalizia dirisha akiwa mtu anayehesabu pumzi. Mwaka huohuo kaka yake Walter akafariki.

Mkuu wa serikali, W. T. Cosgrave, alikwenda kuliangalia. Akalisifu ufundi wake. Kisha akasimama kwenye pande moja, lile la kisa cha mwandishi Liam O'Flaherty, lenye mwanamke anayecheza ngoma amejitanda utaji mwepesi unaoonyesha mwili, mbele ya mwanamume mlevi. Akaona kwamba baadhi ya picha zile zingewaudhi watu na kwamba hazifai kuwakilisha taifa. Ilikuwa nchi iliyopitisha sheria ya kudhibiti vitabu mwaka 1929, na baadhi ya waandishi waliokuwemo kwenye dirisha hawakupendwa na wakubwa wala na maaskofu. Dirisha halikwenda Geneva.

Nitasema kweli, mimi simwoni Cosgrave kuwa mjinga. Sisi watu wa Pwani tunajua stara ni nini. Mtu anayepokea wageni hufagia ukumbi kwanza, na nchi iliyotawaliwa miaka mingi ikiambiwa haina adabu huwa na hofu ya macho ya wageni kuliko nchi nyingine yoyote. Lakini tazama alichokifanya. Pande moja lilimkera, na kwa pande hilo moja akayazuia yote nane. Wala hakukaa na fundi mapema, mchoro ulipokuwa bado karatasi, wakasikilizana. Kazi ya miaka ilikuwa imeshachomwa tanurini. Kioo kikishachomwa hakifutwi.

Clarke alirudi tena Davos. Alipoona kifo kinakuja hakutaka kimkute ugenini, akafunga safari ya kurudi kwao. Hakufika mbali. Tarehe 6 Januari 1931 alifia katika mji wa Chur, hukohuko Uswisi, akazikwa hapo. Na kaburi lake nalo lina kisa. Sheria ya mji ule ilitaka jamaa wa marehemu waahidi kulitunza kaburi baada ya miaka 15. Familia haikuelezwa jambo hilo. Mwaka 1946 mabaki yake yakafukuliwa na kuingizwa katika kaburi la pamoja. Leo ukitaka kumzuru Harry Clarke, hakuna jiwe lenye jina lake pale.

Sasa tumrudie Margaret. Mume amekufa, shemeji amekufa, watoto watatu wanamtazama, na karakana ina mafundi wanaongoja mshahara. Bibi huyu alishika usukani wa karakana na haikufungwa mpaka mwaka 1973, miaka mingi baada ya yeye mwenyewe kufariki. Na dirisha la Geneva, ambalo serikali ililipia kisha ikaliweka tu katika majengo yake, yeye alirudisha pesa akalichukua. Dirisha lililoharamishwa na taifa likahifadhiwa na mjane.

Lilikaa na familia kwa miaka mingi, kwa muda likaonyeshwa katika jumba la sanaa la Dublin. Mwaka 1988 likauzwa kwa Mmarekani mkusanyaji, Mitchell Wolfson, naye akaliweka katika makumbusho yake, Wolfsonian, pale Miami Beach. Huko limetiwa mwanga, limelindwa, na watu hulipa kiingilio kuliona. Waayalandi nao hupanda ndege kwenda kuliona. Miaka iliyofuata wameandika vitabu juu yake, wamechapisha picha zake, na wale ambao babu zao walimwona mtu wa ajabu sasa wanamwita fahari ya nchi. Katika mji wa Newport, magharibi ya nchi hiyo, liko dirisha lake la Siku ya Kiyama alilolimaliza mwaka wake wa mwisho, na wenyeji husema kwamba kati ya wale wanaoangukia motoni alijichora mwenyewe, kijani, kichwa chini. Kama ni kweli au si kweli, wanaojua walivyomtendea hawacheki sana.

Kwa nini haya yote yananichoma mimi hapa Kiserian?

Miaka michache iliyopita kamati ya ukumbi mmoja wa kwetu Pwani, ambayo sitaitaja, iliniagiza dirisha lenye picha ya mji wetu. Nilifikiri sana. Nikachora mama anayekaanga viazi karai magharibi, taa ya chemli pembeni, mtoto ameshika sahani. Nyuma yake nikamtia muuza kahawa na dele lake la shaba, na hamali anayesukuma mkokoteni wa maji. Mama amejistiri kwa leso zake mbili, hata nywele moja haionekani. Nilifanya miezi minne. Walipokuja kulitazama walisema kazi ni nzuri, lakini muuza viazi si mtu wa kuwekwa ukumbini, watakuja wageni wa heshima. Walitaka jahazi na machweo ya jua. Mwishowe wakanunua karatasi ya plastiki ya rangi yenye picha ya jahazi, wakaibandika kwenye kioo cha kawaida. Nasikia jua la huko limeshaifanya nyeupe.

Dirisha langu liko karakanani, limefunikwa blanketi. Mgeni mmoja anayesafirisha sanaa nje amekuja mara mbili na bei yake ni nzuri, karo ya watoto wangu ya mwaka mzima. Sijamjibu. Sijilinganishi na Clarke, mimi ni fundi wa madirisha ya alumini. Lakini nikisoma habari zake nauona mkondo uleule wa maji, na najua unakoelekea.

Mkondo huo tayari umebeba mengi yetu. Milango ya nakshi ya Lamu na ya Mombasa iling'olewa na kuuzwa mpaka sheria ikaingilia. Sheria ya Makumbusho na Turathi za Taifa ya mwaka 2006 inauhesabu mlango uliochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki kabla ya mwaka 1946 kuwa kitu cha kulindwa. Mlango umetajwa. Kioo cha rangi kilicho juu ya mlango hakikutajwa hivyo, na kioo ni rahisi zaidi kupotea: nyundo moja ya fundi wa kukarabati, mfuko wa taka, kisha dirisha jipya la alumini. Nawajua mafundi hao, maana ndio kazi inayonilisha mimi pia, nami huomba nipewe vipande vya zamani kabla havijatupwa.

Wala sisemi kila kitu anachotoa msanii kikubaliwe tu. Mwenye ukumbi ana haki ya kusema ukumbi wake utakuwa vipi. Ninachosema ni kwamba yasemwe mapema, mbele ya karatasi, kwa maneno ya watu wazima. Na likishakuwa kioo, kabla ya kulikataa tujiulize kama tunaona aibu ya jambo la aibu kweli, au tunaona aibu ya sura zetu wenyewe. Mama wa viazi karai amewasomesha wangapi katika sisi tunaokaa kwenye kamati? Nakumbuka mapande yale nane ya Clarke: pande moja lilikuwa na neno, mapande saba hayakuwa na neno, na yote yakavuka bahari.

Ukiwa Kibokoni, Kuze, Mkomani au Shangani na nyumba yenu ya zamani inakarabatiwa wiki hii, mwambie fundi avitoe vile vioo vya juu ya mlango kimoja kimoja, avifunge kwa gazeti, avirudishe pale pale ukuta ukikauka. Kikivunjika kimoja, usitafute plastiki. Viokote vipande, uviweke, uulize. Mafundi wa kuviunga tupo, na wengi wetu ni watoto wenu.